Bao moja msimu mzima: tunampimaje mchezaji, na bei yake inatoka wapi?

Kuna jina moja ambalo tukilitaja hewani, simu za studio hazikai kimya: Kibu Denis. Wapo wanaopiga kutoka Uyole, wapo wa Rujewa, wapo wa Mafinga na Ilula, na karibu wote huanza na swali lile lile. Mshambuliaji anamaliza msimu akiwa na bao moja la ligi, halafu klabu yake inamwongezea mkataba. Inakuwaje?

Tumeamua kuliandikia swali hilo kwa sababu dakika chache za redioni hazilitoshi, na kwa sababu halimhusu Kibu peke yake. Kijana anayecheza ndondo Igurusi au Kalenga leo, kesho atapimwa kwa macho yale yale. Wazazi wake ndio watakaoletewa karatasi ya kusaini.

Kibu tunamfahamu huku kwetu. Kabla hajavaa jezi nyekundu ya Simba mwaka 2021 alikuwa Mbeya City, na waliokuwa wakiingia Uwanja wa Sokoine walimwona akikimbizana na mabeki kabla Dar es Salaam haijajua kulitamka jina lake. Msimu wake wa kwanza Simba, 2021/22, alifunga mabao 8 ya ligi. Baada ya hapo yakapungua, na msimu wa 2023/24 akamaliza na moja tu. Bao hilo lilikuwa la kichwa dhidi ya Yanga, Novemba 5, 2023, siku ambayo Simba ilifungwa 5-1. Katikati ya mwaka 2024 Simba ikampa mkataba mpya, na vijiwe vikawaka.

Shabiki aliyelalamika hakukosea. Mshambuliaji anaitwa mshambuliaji kwa sababu ya goli. Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi tunaliruka. Katika kipindi hicho Simba ilibadilisha makocha: Robertinho kutoka Brazil, kisha Abdelhak Benchikha wa Algeria, kisha Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Watu watatu waliotoka nchi tatu, kila mmoja na mpira wake, na wote walimpanga Kibu. Kocha akimpenda mchezaji peke yake, unaweza kusema ni upendeleo. Wakifuatana watatu, inabidi tujiulize wanaona nini ambacho sisi wa kwenye banda umiza hatukioni.

Jibu lipo uwanjani, ila halipo pale mpira ulipo. Kamera inafuata mpira, na sisi tunafuata kamera. Kibu kazi yake kubwa huifanya mpira ukiwa kwa mpinzani. Anamkimbilia beki anayetaka kuanzisha mashambulizi, anamlazimisha apige mbele bila kutazama, na mpira ule unaokotwa na kiungo wa Simba. Kwenye takwimu za mwisho wa mechi jina la Kibu halimo. Timu ikiwa na mpira, anakimbilia nyuma ya mabeki hata kama hapewi pasi, na beki wa kati akimfuata anaacha uwazi anaoingia mwingine. Huyo mwingine ndiye anayefunga, na ndiye tunayemwimba.

Halafu ikaja Desemba 15, 2024. Simba dhidi ya CS Sfaxien ya Tunisia, Kombe la Shirikisho, Uwanja wa Mkapa. Simba ilitangulia kufungwa ikashinda 2-1, mabao yote mawili ya Kibu, la pili likiingia ndani kabisa ya dakika za nyongeza. Msimu ule Simba ilikwenda hadi fainali ya kombe hilo na kufungwa na RS Berkane ya Morocco. Wale wale waliotutumia ujumbe kumkataa walituma tena, safari hii kwa herufi kubwa. Sisi tunasema hivi: mabao yale mawili hayakumfanya Kibu awe mchezaji bora kuliko alivyokuwa wiki moja kabla. Aliyembeza kwa sababu ya bao moja na aliyemsifu kwa sababu ya mabao mawili wametumia mizani ile ile, na mizani hiyo ina kasoro.

Kwa hiyo kabla ya kusema "fulani ana goli ngapi", tuongeze maswali mawili. La kwanza: kwa dakika ngapi? Chukua simu yako upige hesabu. Mchezaji mwenye mabao 8 kwa dakika 2,400 anafunga kila baada ya dakika 300. Mwenye mabao 5 kwa dakika 900 anafunga kila baada ya dakika 180. Kwenye orodha ya wafungaji wa kwanza yuko juu. Uwanjani wa pili ndiye hatari zaidi, ila hapati nafasi. La pili: analishwa na nani? Mshambuliaji wa Tanzania Prisons anaweza kumaliza mechi akiwa amepata nafasi mbili za kufunga, wakati mwenzake wa Yanga au Simba anapata hizo mbili kabla ya mapumziko. Ukilinganisha mabao yao bila kuuliza hivyo, unalinganisha mahindi ya Mbozi kwenye mvua za kutosha na mahindi ya Isimani, ambako mvua huja ikipenda.

Feisal Salum, Fei Toto, ni mfano mwingine mzuri. Pale Yanga alikuwa kiungo anayegawana kazi na wengine wengi. Alipotua Azam, mashambulizi yakapita kwake. Msimu wake wa kwanza huko, 2023/24, alifunga mabao 19 ya ligi, mawili tu nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga aliyemaliza na 21. Je, kipaji chake kilikua ndani ya miezi michache? Kilichobadilika zaidi ni kazi aliyopewa.

Bei ni jambo jingine

Hapa ndipo mijadala mingi inapochanganyikiwa. Watu wakisikia dau kubwa wanadhani ni kipimo cha kipaji. Mkulima wa viazi hawezi kudanganywa hivyo. Gunia la viazi likiwa shambani Umalila lina bei yake, likifika Uyole lina bei nyingine, na likishushwa sokoni Dar es Salaam lina bei ya tatu. Kiazi ni kile kile. Bei imefuata barabara, msimu, idadi ya wanunuzi na mwenye njaa ya kuuza. Bei ya mchezaji nayo hutengenezwa na vitu vya namna hiyo: umri, nafasi anayocheza, nani anamtaka, na zaidi ya vyote, miezi iliyobaki kwenye mkataba wake.

Turudi kwa Fei Toto, maana sakata lake lilikuwa darasa la wazi. Desemba 2022 aliamua kuondoka Yanga akarudisha shilingi milioni 112. Milioni 100 zilikuwa fedha ya usajili, milioni 12 mishahara ya miezi mitatu. Gawa mwenyewe utaona mshahara: milioni 4 kwa mwezi. Yanga walikataa, shauri likaenda kwenye kamati ya TFF, na Januari 2023 kamati ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Kijana akakaa nje miezi kadhaa. Juni 5, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho, aliwataka walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye Fei Toto akauzwa Azam.

Angalia kilichotokea hapo. Mchezaji aliamini bei yake ni ile iliyomo kwenye karatasi yake, akailipa. Klabu iliamini bei yake ni ile ambayo mnunuzi angetoa sokoni. Wote wawili walikuwa wakimzungumzia mtu mmoja mwenye miguu ile ile. Wengi walichukua upande kwa rangi ya jezi. Sisi tunadhani kosa kubwa lilifanyika mapema zaidi, siku mkataba uliposainiwa. Mchezaji ambaye timu nzima inamtegemea, na mshahara wake bado ni wa siku alizokuwa akitafuta namba, ni ugomvi unaosubiri tarehe. Wa upande wake walipaswa kudai marekebisho mapema, na klabu ilipaswa kuyatoa kabla hajayadai.

Kuna pia bei inayopandishwa na mechi moja. Mwaka 2011 Mbwana Samatta alicheza na Simba dhidi ya TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe wakamchukua. Februari 2021 Luis Miquissone aliifungia Simba bao pekee dhidi ya Al Ahly pale Mkapa. Miezi michache baadaye Al Ahly wakamnunua. Hadithi mbili zinazofanana mwanzo tu. Samatta alitwaa ubingwa wa Afrika na Mazembe mwaka 2015, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika, akaenda Genk ya Ubelgiji, na msimu wa 2018/19 akawa bingwa wa ligi ile akiwa na mabao 23. Miquissone hakupata nafasi ya kutosha Misri, akapelekwa kwa mkopo Saudi Arabia, na mwaka 2023 akarudi Simba. Hatuwezi kusema Miquissone hakuwa na kipaji. Tulimwona kwa macho yetu. Alinunuliwa akaingie kwenye timu ambayo tayari ilikuwa na watu wa nafasi yake.

Sokoine na Samora

Wakubwa kidogo mtakumbuka msimu wa 2013/14. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyoanzishwa mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu na msimu huo huo wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Kocha alikuwa Juma Mwambusi. Mabasi yalijaa mashabiki wa zambarau kwenda hadi Dar es Salaam. Miaka miwili haikupita, Mwambusi alikuwa benchi la Yanga kama msaidizi na Deus Kaseke amevaa jezi ya Yanga. Wengine nao wakatawanyika.

Kuondoka kwao si dhambi. Mchezaji ana miaka michache ya kula kwa miguu yake. Swali letu ni timu ilibaki na nini. Timu inayolea vizuri na kuuza vizuri hununua wengine kwa fedha ile, kama mfugaji anayeuza dume akabaki na majike. Timu inayowaacha wachezaji wamalize mikataba na kuondoka bure hubaki na kumbukumbu. Mbeya City ilishuka daraja mwaka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo, na ikasubiri hadi msimu wa 2025/26 kurudi Ligi Kuu.

Iringa hali ni ngumu zaidi. Lipuli iliitoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la FA pale Samora mwaka 2019, ikaenda Lindi kucheza fainali na Azam, ikafungwa 1-0. Mwaka uliofuata ikashuka, na tangu hapo mkoa haujawa na timu Ligi Kuu. Hapo bei ya kijana wa Iringa inapungua hata kama kiwango chake hakijapungua, kwa sababu Azam TV haipo Samora na mnunuzi hamwoni. Mwaka 2021 haki za matangazo ya ligi ziliuzwa kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Aliye ndani ya uzio wa kamera hizo ana dirisha. Aliye nje anategemea mtu apige simu.

Mbarali nao wana yao. Ihefu, timu ya watu wa mpunga, ndiyo iliyokatisha rekodi ya Yanga ya kucheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, Novemba 29, 2022, pale Ubaruku. Mwaka 2024 timu nzima ilihamishiwa Singida, leo inaitwa Singida Black Stars. Kwa hiyo huku kwetu hata klabu ina bei, na wakati mwingine mashabiki ndio wa mwisho kuambiwa.

Karatasi za mtoto wa miaka 13

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo tungependa mzazi na mwalimu wa michezo wasome mara mbili.

FIFA ina kanuni ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada yote. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tuifanye kwa mfano halisi. Januari 2020 Samatta alitoka Genk kwenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kwa ada iliyoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 8.5. Asilimia 5 yake ni pauni 425,000. Sehemu kubwa kwa kanuni ni ya Mazembe, maana miaka yake mingi ya kati ya 18 na 23 ilikuwa kule Lubumbashi. Lakini tazama msimu mmoja tu wa umri wa miaka 13: pauni 21,250. Kwa thamani ya pauni ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 60, kwa klabu iliyokuwa na mtoto huyo msimu mmoja, kama imesajiliwa na kama mtoto naye alisajiliwa. Milioni 60 ni uwanja kusawazishwa, mipira, jezi na nauli za mashindano kwa miaka kadhaa.

Neno zito hapo ni "kama". Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha malipo haya kilichopo Paris, na hesabu zake hutoka kwenye kumbukumbu za kielektroniki za usajili. Msimu usioandikwa hauhesabiki. Timu ya kijiji ambayo haimo kwenye orodha ya chama cha soka cha wilaya haitambuliki, hata kama kila mtu kijijini anajua kijana alijifunzia pale chini ya mwembe. Na kijana akiondoka akiwa mchezaji huru, hakuna ada. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.

Kwa hiyo timu yenye watoto wa miaka 12 na kuendelea inahitaji cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, picha, na fomu ya usajili iliyogongwa muhuri, kila msimu, nakala ikibaki kwa katibu. Cheti kiwe cha kweli. Kupunguza umri tunakuzoea na kukuita "umri wa mpira", lakini FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha picha ya mfupa wa kifundo cha mkono kwenye mashindano ya vijana chini ya miaka 17 tangu mwaka 2009, na Tanzania tuliwahi kuondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana mwaka 2005 kwa sababu ya umri. Anayedanganya pia anajiharibia bei: mnunuzi anayelipia miaka 10 ya mbele akigundua imebaki 6, hatoi fedha ya 10.

Upande wa mawakala, tangu Oktoba 1, 2023 anayefanya kazi ya uwakala kwenye uhamisho wa kimataifa anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti ya FIFA, yanafunguka hata kwa simu ndogo yenye bando. Uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Wakala halali hulipwa sehemu ya dili baada ya dili. Anayekuja Makete au Mufindi akitaka laki tano "za majaribio Uturuki" kwa kijana wa miaka 16 anauza kitu ambacho hakipo, na mzazi aliyeuza shamba la mbao changa kwa ajili hiyo hana wa kumdai.

Msimamo wetu kwa Kibu, kwa kuwa tutaulizwa tu: tungempa mkataba, lakini tungeandika ndani yake kwamba sehemu ya malipo inategemea mabao na pasi za mabao. Wenzetu wawili wa kipindi cha michezo hawakubali, wanasema mchezaji wa kazi ile akianza kufikiria goli ataacha kukimbia. Huenda wako sahihi.

Mechi ijayo pale Sokoine, iwe ya Mbeya City au ya Prisons, chagua mchezaji mmoja na umtazame yeye tu kwa dakika 15, mpira uwe kwake au usiwe. Kisha tutumie ujumbe kwa namba ya kipindi: jina lake, alifanya nini bila mpira, na kama ungekuwa na fedha ungemnunua au la. Ujumbe mzuri tutausoma hewani, pamoja na jina la kijiji chako.